Mizani ya Harlan

Mmeng'ang'ania niisimulie tena, kama vile sina sufuria jikoni. Haya. Ni kule Montana, kwenye benchi la mbele ya duka la chakula cha mifugo, theluji inashuka polepole kama imesahau inakokwenda. Verna ameikumbatia bunduki ya marehemu mumewe, anamwona mtu wake ndani ya mvuke wa kahawa. Jana yake shemeji yake Harlan, wanayemwita Punje kwa kupimapima risasi zake kwa mizani, punje kwa punje, alimwekea sharti: apige shabaha yadi mia sita; akikosa, bunduki irudi kwa ukoo. Risasi akamtengenezea Harlan mwenyewe, nyumbani kwake, kama alivyokuwa akimtengenezea marehemu. Verna akapiga tano. Matundu yote matano yalifunikwa na kiganja kimoja.

— Bahati, Harlan akanuna.

— Mkono, shemeji.

— Hewa tu hiyo, akasema Dewey Moshi, mzee wa kiko. Baridi ikizidi hewa inaganda, risasi inateleza juu yake.

— Moshi, acha uongo!

— Basi ni marehemu. Alisimama kwenye shabaha, anazidaka kwa kofia.

Verna hakucheka. Hata yeye alikuwa amemwona.

— Haiwezekani! Harlan akafoka, kahawa ikammwagikia. Risasi hii nzito, ile nyepesi, umbali ule lazima zipishane, moja juu moja chini! Na zile zilikuwa makapi, nilizichambua mwenyewe!

Verna akamgeukia. 

— Ulinipa makapi, Harlan?

— Zilizolingana uzito... zilikuwa chache, shemeji.

— Chache zikakutosha wewe.

Binti mmoja mgeni, aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe, akasimama na mfuko wake begani.

— Samahani, baba. Hiyo mizani unapimia wapi?

— Gereji. Mezani, mbele ya hita.

— Hita ya feni?

— Ya feni.

— Na unapopima, unaizima?

Harlan akatikisa kichwa: hakuizima hata siku moja.  Majira mazima ya baridi mtu mzima alikuwa akipima upepo wa feni, si risasi. Makapi yake na zile alizoziteua zilikuwa kitu kimoja.

Bunduki ikabaki kwa Verna. Kwa ule ubaya wake Harlan alilipa mizani yenyewe, maana Verna hakutaka kingine. Mpaka leo anapimia hamira, madirisha yamefungwa, na Harlan akija kuomba mkate anapewa ganda tu.