Basi la Bure Lisilosimama Kwihara

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu wa heshima. Ndugu Katibu wa Chama. Ndugu Kornel, Meneja wa Shirika letu la Mabasi, ambaye leo tunakuaga. Ndugu Lugembe, unayekirithi kiti chake kabla hakijapoa. Masheikh na mapadri. Bwana Fakhrudin, uliyetuazima viti vya dukani kwako na sasa unavihesabu kwa macho. Ndugu madereva na makondakta. Ndugu wananchi wa mjini. Na mwisho, wazee wenzangu wa Kwihara, mliokaa kule mlangoni kwa sababu mmechelewa kufika, na mmechelewa kwa sababu mmekuja kwa miguu: habari za mchana? Wakubwa zangu, kama wamo, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba, hata wale ambao hamjaniamkia.

Kwa msionifahamu, mimi ni Kuluthumu binti Omari. Mwaka niliozaliwa haukuandikwa popote, lakini marehemu mama alikuwa akiniambia kwamba nilizaliwa siku gari moshi la kwanza lilipofika Tabora. Mji mzima ulikwenda kulitazama, isipokuwa yeye na mkunga. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba habari ya kukosa usafiri nimeianza siku nyingi.

Kamati ya maandalizi imenipa heshima ya kutoa shukrani kwa niaba ya wazee. Mjumbe mmoja amenivuta kando hapo nje, akaniomba maneno yawe mafupi na yawe matamu. Nimemwahidi kwamba kwenye ufupi nitajitahidi.

Ndugu Kornel, baba, ulipokuja kwetu tulikupokea kwa ngoma. Na haukupita muda ukatulipa. Siku ya Saba Saba ulipanda jukwaani, shati lako jeupe limenyooshwa vizuri, ukatangaza kwamba tangu siku ile kila mzee aliyetimiza miaka sitini atapanda basi la Shirika bila nauli, kwa kuwa wazee ndio walioijenga nchi hii, na Ujamaa haumwachi mtu nyuma. Nani kati yetu hakupiga vigelegele? Mimi nilipiga mpaka sauti ikanikauka. Nilimkumbuka babu yangu. Babu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akarudi na marobota ya nguo, na enzi zile kijana ambaye hajafika pwani hakupewa mke, maana alihesabiwa bado mtoto. Njia yao ilipita pale pale linapopita basi lako leo. Nikasema, alhamdulillahi, babu alitembea ili mimi mjukuu wake nikae.

Na kweli, nilikaa. Nilikaa kando ya barabara.

Maana lilipokuja basi, kondakta alichungulia mlangoni, akaziona mvi zetu, akagonga bati mara mbili, na basi likaenda zake. Siku ya kwanza tulidhani breki zina hitilafu, tukamwombea dereva afike salama. Siku ya pili tukadhani limejaa. Siku ya tatu tuliviona viti kwa macho yetu, vitupu, vimetazamana na madirisha. Ndugu wageni waalikwa, kabla ya tangazo lile, tulipokuwa tunalipa, basi lilisimama hata mtu akijikuna kichwa tu, dereva akidhani amepungiwa mkono. Baada ya kutukuzwa hadharani, tungeweza kutandika mkeka katikati ya barabara, lingeuzunguka.

Lakini msidhani tulikaa bure. Wanyamwezi hawakufika pwani kwa kulalamika. Tulitafuta akili. Mbele ya njia yetu pana kichuguu kikubwa, mnakifahamu. Na tunaye binti yetu, Zamda, yule pale aliyevaa kitenge cha kijani, simama wakuone, mama. Zamda ni kijana na anaonekana mtu wa kulipa. Basi tulikuwa tunamtanguliza barabarani na kikapu kikubwa, juu tumefunika kitambaa kizuri, ndani majani ya viazi matupu. Sisi wazee tunajibanza nyuma ya kichuguu. Dereva akimwona Zamda anakanyaga breki kwa mapenzi makubwa. Kondakta anashuka kupokea mzigo. Hapo ndipo sisi tunatoka, mmoja mmoja, kama kumbikumbi baada ya mvua, tukikohoa, tukiegemea fimbo zetu, na kabla kondakta hajafunga mdomo tumeshakaa. Mheshimiwa, cheka tu, sisi wenyewe tulikuwa tukicheka. Lakini ukimaliza kucheka, jiulize: mtu aliyeijenga nchi, anajificha nyuma ya kichuguu kwa ajili gani?

Mzee Mfaume yeye alikataa kujificha. Alisema yeye si panya. Akachukua piko ya mkewe, akazipaka ndevu zake zikawa nyeusi ti, akasimama barabarani ameweka mkono kiunoni kama kijana anayekwenda kuposa. Basi likasimama. Alipokwisha kukaa, kondakta akamdai nauli kamili. Mzee Mfaume akamweleza kwamba ana miaka sabini. Kondakta akamjibu kwa adabu kwamba ndevu hazisemi hivyo. Basi akalipa. Alirudi kijijini amefurahi ajabu, tukamwuliza anafurahia nini na hela imekwenda, akatuambia, "Nimelipa, na nimekaa. Nyinyi mmesamehewa, na mmesimama."

Neno hilo tulilicheka wiki nzima. Kisha tukaacha kulicheka.

Liko jambo moja ambalo lazima niwe mkweli juu yake, ili nisimwonee Ndugu Meneja. Si kweli kwamba basi lake halisimami kabisa kwa mzee yeyote wa Kwihara. Liko tembe, ile nyumba ya kale aliyokaa yule Mzungu Livingstone. Wakija wageni kulitazama, basi la Shirika linasimama mlangoni, dereva anazima injini, kondakta anawafungulia mlango, na linasubiri mpaka wamalize kupiga picha. Kwa hiyo, ndugu zangu, Shirika letu linawaheshimu wazee wa Kwihara, ila kwa masharti: mzee awe amekufa yapata miaka mia, na awe alikuwa mpita njia.

Sasa wapo watakaosema, Bi Kuluthumu, makosa ni ya makondakta. Hapana. Mimi nilimwita Saidi, kondakta wa njia yetu, ambaye mama yake nilimzalisha kwa mikono hii. Nilimkalisha chini nikamwuliza, mwanangu, sisi tumekukosea nini? Alitaka kulia. Akaniambia, "Bibi, ofisini wanataka hela ya kila kiti kilichokaliwa. Nikipakia wazee watano, nauli za wazee watano zinakatwa kwenye mshahara wangu." Ndugu Kornel, wewe ulitoa sadaka jukwaani, ukapigiwa makofi, ukaandikwa gazetini, na leo umepandishwa cheo unakwenda makao makuu Dar es Salaam. Lakini sadaka ile uliitoa kwenye mfuko wa Saidi. Hata nami, nina umri gani sijui, sijaona mtu akijenga jina kwa bei nafuu namna hiyo.

Nisikilizeni kidogo hapa, kwa sababu hapa sitanii.

Yule mama aliyekaa mstari wa nyuma, kajifunika kanga nyekundu, ni dada yangu Swaumu. Ndugu Kornel, kama umemwona amegeuza uso upande wa ukuta tangu ulipoingia, usidhani ana dharau. Anasikiliza sauti yako inatokea wapi. Swaumu alikuwa na mtoto wa jicho, kote kuwili. Mwezi wa Mfungo Sita daktari wa macho alipita mjini, akiwa safarini kwenda Kigoma, akatangaza kwamba atatibu wagonjwa siku moja tu, asubuhi. Siku hiyo Zamda wetu alikuwa Usoke, msibani. Hatukuwa na mtu wa kumtanguliza. Nikamshika dada yangu mkono, tukasimama barabarani wazi wazi, alfajiri, tumeoga, tumevaa nguo za Idi.

Basi likaja. Nililiona toka mbali, na ndani nikaona viti. Nikanyoosha mkono. Halikupunguza mwendo. Lilipotufikia, kondakta, na hakuwa Saidi, alitoa kichwa dirishani akatuamkia kwa heshima zote: "Shikamooni, bibi zangu!"

Na mimi, kwa mazoea, nikaitika. Nikaitika marahaba ndani ya vumbi. Swaumu akaniuliza, "Limesimama?" Alikuwa ameshainua mguu kupanda ngazi.

Tulikwenda kwa miguu. Mtu asiyeona vizuri hatembei, anapapasa, na kila shimo la barabara ile tulilifahamu kwa jina lake siku hiyo. Tulipofika, wagonjwa walikuwa wamekwisha kutawanyika na daktari ameshapanda gari moshi. Muuguzi alitupa maji ya kunywa na kutupa pole. Tangu wakati huo jicho la kushoto la dada yangu limefunga, na la kulia linaona mwanga tu, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ndugu Kornel, wewe unayo mawili mazima, kwa hiyo sikuambii.

Wala wasije watu wakasema shukrani ya punda ni mateke. Punda tunamsingizia, yeye angalau huwa amebeba mtu.

Sasa nageukia kwako, Ndugu Lugembe, mwanangu, unayeanza kazi keshokutwa. Wewe hujatukosea neno. Wazee wa Kwihara tulifanya mkutano, tukazungumza, na sisi tukikutana huzungumza kweli kweli, mpaka mbuzi wakarudi wenyewe zizini. Tumekubaliana kwa kauli moja kuleta ombi ambalo nadhani hakuna meneja aliyewahi kuletewa tangu tupate Uhuru. Tunaomba utufutie msamaha. Tunaomba tulipe. Kama unaweza, tupe nusu nauli, kama wanafunzi; wao wana shule yao na sisi tuna hospitali yetu. Kama huwezi, tutatoa nauli kamili, tutauza kuku. Kama kweli heshima imekuwa ghali kiasi hiki kwa Shirika, sisi tuko tayari kuichangia. Na kama Chama na Serikali wataona kwamba bure ibaki, basi ibaki, lakini iwe bure ya Shirika, isiwe bure ya Saidi. Kiti cha mzee kihesabiwe kuwa kimelipwa na mwenye kutangaza, naye kondakta asione kwamba mvi zangu zinamla mshahara. Tunachotaka ni basi lisimame.

Nina haraka na jambo hili, na nitakuambia kwa nini. Yule daktari wa macho anapita tena Tabora Alhamisi ijayo. Dada yangu amebakiwa na jicho moja la kupeleka.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mkono mtupu haulambwi, na kwetu hatumuagi mgeni bila zawadi. Kamati imempa Ndugu Kornel saa ya ukutani, ni vizuri. Sisi wazee tumemletea yetu. Zamda, lete kile kifurushi.

Haya ni makatambuga, jozi mbili. Ameyashona fundi wetu Mabruki, na mnajua Mabruki hashoni kitu kikaachia. Ndugu Kornel, karibu uipokee jozi yako, usiogope, ni safi, tumeyaosha. Iangalie hii raba. Hukumbuki? Ni tairi la basi lako. Lilipasuka mbele ya kichuguu chetu mwaka jana, na ile ndiyo siku pekee ambayo basi lilisimama kwetu bila Zamda wala piko. Dereva akafunga tairi jingine, hili bovu akalitupa majanini, nasi tukaliokota. Nusu ya wazee waliokaa kule mlangoni wamekuja hapa leo wamelivaa. Inueni miguu, wenzangu, ili Ndugu Meneja apate kuona. Hilo, baba, ndilo pekee katika basi lako lote ambalo limetubeba bure, na kwa hilo, kutoka moyoni, tunakushukuru. Nenda nayo Dar es Salaam, uivae siku utakayopanda jukwaani kuwatangazia wazee wa nchi nzima.

Jozi ya pili, Ndugu Lugembe, ni ya kipimo chako. Tulimwuliza mkeo. Lakini hii sikupi leo. Alhamisi alfajiri mimi na Swaumu tutasimama barabarani, Zamda tutamwacha nyumbani alale, na nyuma ya kichuguu hatakuwapo mtu. Basi likisimama, jozi hii nitamvalisha Mzee Mfaume, ambaye ameniomba tangu juzi. Lisiposimama, nitakuletea mwenyewe ofisini kwako, kwa miguu, nikiwa nimemshika dada yangu mkono, ili ukiambiwa tumefika uje utupokee mlangoni, kwa sababu yeye peke yake mlango hatauona.

Mheshimiwa, ndugu wageni waalikwa, nilisema nitakuwa mfupi, mnisamehe. Asanteni kwa masikio yenu. Mengine tutaonana Alhamisi.