Mzee Kidahizo na Neno Lililokosa Mfano

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha kamusi, Mzee Kidahizo anakabidhi kiti, penseli na funguo za kabati. Jina lake la kwenye hati ya mshahara ni jingine, lakini hata mhasibu inabidi alitafute. Kidahizo ni lile neno la wino mzito linaloanzisha maelezo kwenye kamusi, na mwenzetu ameandika maelfu yake, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia.

Alianza kwa kupanga kadi za maneno, akapanda hadi kuwa mhariri wa herufi za mwanzo. Matoleo mawili yamepita mikononi mwake. Ndiye aliyetuwekea sheria ambayo tumeilaani kimoyomoyo hadi leo: neno halipiti bila mfano wa matumizi, na mfano hautungwi mezani. Lazima mwandishi ausikie kwa masikio yake. Dereva wetu anakumbuka alivyofuatwa hadi gereji na mzee aliyesimama kimya pembeni, akingoja mtu aseme klachi kwa hiari yake.

Huyo dereva anakumbuka pia kadi yake ya harusi. Alimpelekea mzee kama mwaliko, ikamrudia kesho yake imejaa wino mwekundu. Tangu hapo watu wakajifunza kuongea naye kwa tahadhari, kama wanaojaza fomu.

Mwaka huu, katika toleo la tatu, likamfikia neno la Kiingereza banter. Tukajua kuna kazi. Ni yale maneno mepesi ya kuchokozana watu wanapokunywa chai. Asili yake ilimnyima raha, maana Waingereza wenyewe wanakiri hawaijui. Liliibuka mitaani zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, baadhi ya wasomi wakalichukia, nalo likakaa tu. Kiswahili chake nacho kikamsumbua. Soga, alisema, halina meno. Utani una desturi zake za ukoo na kabila. Dhihaka ina meno ya kweli. Neno hili linang'ata kwa ufizi.

Ufafanuzi ukapatikana, mfano ukakosekana. Kila alipoingia jikoni mwa ofisi, viatu vyake vilikuwa vimeshamtangulia kwa mlio, na dereva aliyekuwa akimsema mlinzi kwa kitambi chake aligeuka ghafla na kuanza kumuulizia hali ya familia. Mzee aliwaomba waendelee kuchokozana kama kawaida, akasimama na penseli. Mlinzi akamsifu dereva kwa uendeshaji wake mzuri. Akaenda kwa kinyozi, huko wakamdhania mtu wa kodi, na kinyozi akakata nywele za watu watatu bila kufungua mdomo.

Mkurugenzi akachoka. Mfano usipopatikana kufikia Ijumaa, alisema, kamusi itaenda kiwandani bila neno hilo. Kwa mzee hilo lilikuwa pigo, kwani hakuwahi kustaafisha neno lolote, na sasa hili lingestaafu kabla yake. Na banter katika kamusi linapakana na neno Bantu, kwa hiyo pengo lingekuwa mlangoni kwetu.

Ila hilo silo lililomuuma zaidi. Jumatano alimwambia msomaji wetu wa prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, mama tunayemwita Shangazi, kwamba katika miaka yote hii hakuna mtu ofisini aliyewahi kumtania, hata kwa viatu vyake, na kwamba anaondoka kama mgeni aliyeheshimiwa sana. Shangazi alituhadithia baadaye, na kwa kweli tuliona haya. Tulikuwa tunamwogopa, yeye akadhani hatumpendi.

Alhamisi, jikoni kumejaa watu, Shangazi akajitosa. Akamwambia mzee mbele yetu sote kwamba anamhurumia mama watoto, maana akistaafu atampanga yule mama na vyombo vyake vyote kwa alfabeti. Mlinzi akatazama mlango. Mzee, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, akajibu kwamba mama watoto amemuwahi: ameshampanga yeye, yuko penye mume, kati ya mtungi na mwiko, na matumizi yake ni nadra kuliko vyote viwili.

Chai ya mlinzi ilitokea puani. Dereva alishikilia friji. Mzee mwenyewe aligeuka kutazama ni nani aliyesema vile, kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, hadi penseli ikamdondoka. Alipopata pumzi akauliza kwa wasiwasi kama sheria inaruhusu mwandishi kujinukuu. Mkurugenzi akatoa hukumu papo hapo: masikio ya kutosha yamesikia.

Ijumaa neno likaenda kiwandani. Maelezo aliyoyaacha yanasema: maneno mepesi ya kuchokozana baina ya watu wasioogopana, asili haijulikani. Chini yake umewekwa mfano, mtungi na mwiko vikiwemo, na mabano ya chanzo yanataja jikoni kwetu.

Mzee wetu, asante kwa kila neno, na hata kwa wino mwekundu. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana na ugomvi mdogo mdogo wa nyumbani. Ukipita huku ingia jikoni bila kubisha, tuna miaka thelathini na mmoja ya kukutania, na hatujaanza hata na viatu.