Sefu Boga, Mnyapara Aliyejifunza Kufuata Pumzi

Baada ya miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu cha kamba hapa Gazi, Mzee Sefu Boga atastaafu tarehe 30 Juni, 1959. Aliingia mwaka 1931 akiwa mponda makumbi ya nazi, akapanda hadi kuwa mnyapara wa mashimo ya kulainishia makumbi. Tunajivunia kusema kwamba kamba zilizopita mikononi mwake zimefunga mizigo kutoka Kwale hadi Tanga.

Hatumpaki mafuta kwa mgongo wa chupa, maana mwenyewe hapendi. Zamani Mzee Sefu alikuwa moto. Akifoka mashimoni, waliokuwa wakipita barabara ya Msambweni walijua nani amekosea. Kila mtu alimwogopa, na kwa kumwogopa alimficha makosa. Mwaka 1952 makumbi mabichi yalifichwa chini ya yaliyoiva, yakaingia mashineni na kuivunja meno. Meneja akamwambia Mzee Sefu wazi: wafanyakazi wakimficha kosa jingine kama hilo, unyapara atapewa mwingine.

Mwaka huohuo alikuja fundi wa mashine kutoka Ceylon, Bwana Gunadasa, mfuasi wa Buddha. Kila asubuhi kabla ya kazi alikaa kimya, macho ameyafumba, akifuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. Mzee Sefu alitaka kufundishwa, lakini kwanza alikwenda kwa Maalim Abdurahman wa msikiti wetu kuuliza kama kuna ubaya. Maalim akajibu kwamba kuvuta pumzi si kumwabudu mtu, na kama kutampunguzia matusi, basi aanze leo hii.

Alianza, akakoroma. Siku nyingine alikaa kimya kabisa juu ya rundo la makumbi, na akina mama wasokotaji, ambao hawakuwahi kumwona kimya, wakaamini amepandwa na pepo. Wakaleta chetezo cha ubani na kitambaa chekundu, wakaanza kumwuliza pepo anataka nini. Alivumilia mpaka akapaliwa na moshi. Kicheko chake siku ile kilitushangaza kuliko ule ukimya.

Bwana Gunadasa alimweleza kwamba kukaa ni mwanzo tu, kazi yenyewe iko mchana, katikati ya watu. Basi Mzee Sefu akawa ananoa panga akili yake ikiwa kwenye panga, anatembea matopeni akiusikia kila unyayo, na hata chai anakunywa bila kugombana na mtu.

Mtihani ulikuja mwaka 1954. Makumbi hufukiwa kwenye matope ya mikoko kwa miezi mingi mpaka yalainike. Mwinga, mchimbaji kutoka Kikoneni, alifukua shimo ambalo halijaiva. Mzee Sefu akakuta rundo bichi juani, na sote tukaiona mishipa ya shingo ikimsimama. Akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. Kisha akasema, "Ndugu zangu, shimo hili limefukuliwaje?"

Mwinga akajitokeza. "Ni mimi, mzee wangu. Nilidhani ni lile la mwaka jana. Niwie radhi."

Wakayarudisha makumbi matopeni pamoja kabla hayajakauka. Mashine ikasalimika, na unyapara ukabaki kwake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemficha kosa, na hilo ndilo tunalojivunia kuliko kamba zote.

Wiki iliyopita msokotaji wetu, Bi Kadzo, alikata vibaya kamba ya agizo kubwa, ikawa fupi. Alikimbia moja kwa moja kwa Mzee Sefu. Yeye akamwelekeza kwa mnyapara mpya anayempokea kazi, ambaye ni Mwinga yuleyule, na ambaye, tuseme kweli, naye ana moto wake. Kiwanda kizima kiliacha kusokota. Mwinga akafumba mdomo, akavuta pumzi ndefu, akamwuliza Bi Kadzo imekuwaje. Mzee Sefu hakungoja kusikia jibu. Alikuwa ameshageuka kwenda nyumbani.

Ahsante sana, mzee wetu. Umetuachia kiwanda ambamo mtu akikosea, husema. Mwenyezi Mungu akujaalie afya na siku nyingi za raha, wewe na mkeo Bi Esha.