Mgomba wa Masalu

MAMA MASALU: Haloo? Nani mwenzangu?

DOROTEA: Mama, shikamoo! Dorotea hapa, mkweo.

MAMA MASALU: Marahaba, mwanangu. Paza sauti, simu hii ya misheni inakwaruza—

DOROTEA: Nasema niko Mwanza, posta! Ni kweli umekubali?

MAMA MASALU: Nimekubali. Kaburi limeshachimbwa.

DOROTEA: Lini tena?

MAMA MASALU: Jana. Tangu mwanangu apotee kwenye vita vya Kagera nakataa, nasema nikizika mgomba badala ya mwili, nitakuwa nimemuua Masalu kwa mkono wangu. Nawe kila mwaka unanililia nikufungue. Haya. Mgomba umekatwa, tumeuvika shati lake la kijani.

DOROTEA: Lile la—

MAMA MASALU: Lenye kiraka ulichokishona, ndiyo.

DOROTEA: [mkwaruzo] ...mama...

MAMA MASALU: Wenzake wa kikosi wamejaa uani. Yeremia ndiye kanisindikiza hapa kwenye simu. Ndiye yule ambaye Masalu alimrudia kwenye risasi, akambeba akamtoa, yeye mwenyewe asirudi. Analia mtu mzima yule! Wewe umefika kivukoni?

DOROTEA: Zikeni tu, mama.

MAMA MASALU: Tuzike vipi? Udongo wa kwanza anatupa mjane. Usipoutupa hujafunguliwa, bado mke wa mtu. Huyo Chenge wako atakuoaje?

DOROTEA: Chenge yuko hapo nje. Kashakata tiketi za kivuko cha Kamanga. Ananiangalia kupitia kioo cha dirisha.

MAMA MASALU: Basi pandeni!

DOROTEA: Miguu haitaki, mama.

MAMA MASALU: Dorotea! Si wewe uliyeng'ang'ania—

DOROTEA: Ni mimi! Nilikuwa naomba kwa sababu najua utakataa! Kila aliyekuja kuniposa nikamwambia, mama mkwe hataki. Sasa umekubali, mimi nitamwambia nini huyu?

MAMA MASALU: [anapenga kamasi] Na mimi nilikubali kwa ajili yako. Nilidhani kwa kukataa nakutesa.

DOROTEA: Mama, unalia?

MAMA MASALU: Wewe je?

DOROTEA: Kanigongea kioo. Anaonyesha saa, kivuko kinaondoka. Mama, niambie panda. Au niambie—

MAMA MASALU: Sikwambii, mwanangu. Nikikwambia panda, nitakuwa nimekufukuza.

DOROTEA: Kadi ya simu inaisha! Mama, lile shati, lisi—

MAMA MASALU: Lisifanye nini? Haloo? Dorotea? [mlio wa simu iliyokatika] ...Yeremia, baba, kimbia nyumbani. Waambie wautoe mgomba juani, wauingize ndani. Hatuziki leo.