Mgongo wa Winchi Wapasuliwa Mara ya Tatu

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile lilibeba watu watatu wakali. Mkali kuliko wote ni Winchi, mpakiaji wa saruji, aliyepewa jina hilo kwa kubeba mifuko miwili kwa mpigo. Nyuma ya ubavu, juu kidogo ya nyonga, alikuwa na uvimbe kama ngumi. Umepasuliwa mara mbili, umerudi mara mbili. Kesho anapasuliwa tena.

— Daktari wa kwanza eti ni mafuta tu! Winchi alifoka, kahawa ikimmwagikia vidoleni. Nikamwambia, daktari, nikilala unaingia, nikikohoa unatoka. Mafuta gani yanaingia na kutoka kama mpangaji?

— Hakukusikiliza, alidakia Redio, kinyozi wa jirani, mdomo hauzimiki.

— Alikuwa anaandika! Hata uso hakuinua. Wa pili ndiye aliyesema ni ngiri, ila ya mgongoni, haionekani sana. Akashona nyama kwa nyama, basi. Huyu wa sasa anasema nyama zimechoka, lazima atie wavu ndani uzishikilie.

— Wavu? aliruka Sindano, aliyewahi kufagia duka la dawa na tangu hapo anajiita daktari. Ndani ya mtu? Wewe samaki?

— Mimi nasema ule uzi ulipitwa na muda, alisema Redio. Uzi mzuri wanawawekea wakubwa.

— Uzi wapi! alikata Sindano. Wamemsahaulia mkasi humo. Ndio unaosukuma.

— Basi mkasi ushazaa, maana uvimbe unakua!

Tangu uvimbe urudi Winchi hajapakia hata mfuko mmoja. Mkewe ndiye anayemfunga mkanda kiunoni kila asubuhi, kama mtoto. Na hawa wanabishania mkasi.

— Nyamazeni! Mgongo ni wangu!

Mama mmoja aliyekuwa akingoja kiatu chake kipigwe soli aliinua kichwa.

— Samahani, baba. Uliposhonwa ile mara ya pili, ulikaa siku ngapi bila kubeba kitu kizito?

Fundi viatu alisimamisha nyundo. Winchi alimtazama Redio, Redio akatazama kikombe. Siku ya kumi na moja tu, Redio alikuwa akihamisha kiti cha chuma cha saluni yake, akamwita. "Shika upande huu, ndugu yangu, dakika moja tu." Daktari alikuwa amesema miezi mitatu. Winchi alijua, naye alishika. Hasira yake yote ikakosa pa kutua.

— Kesho saa moja asubuhi, alisema mwishowe, sauti imekauka. Mfuko wangu wa nguo za hospitali utaubeba wewe, Redio. Na hutoki pale mlangoni pa chumba cha upasuaji mpaka nitolewe.

Redio aliitikia kwa kichwa, macho bado chini.

Kesho yake saluni haikufunguliwa kutwa nzima.