Fransina Saal na Maua ya Mchana

Bi Fransina Saal anastaafu leo, Alhamisi tarehe 14 Agosti, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea simu ya maua, ile ambayo wageni hupiga kuuliza maua ya mwituni yamechanua wapi, katika Hifadhi ya Rooivlei, hapa kwetu Namakwa. Barua yake ya kustaafu inasema tarehe 31. Kwa nini tumewahi, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Aliajiriwa kufanya usafi. Kipupwe kimoja mpokea simu aliugua, Fransina akashikilia meza, na hakuinuka tena. Kila asubuhi kuanzia Aprili alisoma kipimo cha mvua, akaandika, akapiga hesabu. Mvua ya kwanza ikitosha, mbegu huamka. Mvua nyingine zikifuata kila baada ya wiki mbili tatu, na baridi ikakaza, maua hudumu hadi Septemba. Baridi ikilegea, hukimbilia kuchanua, na hukimbilia kufa. Mkuu wetu, Bwana Hendrik Links, hubishana naye kila mwaka na kila mwaka hushindwa. "Kipimo changu kinalala nje, bosi. Shahada zako zinalala kabatini," alimwambia mwaka ule wa ukame, na Links ndiye aliyecheka kuliko sote.

Mgeni mmoja aliwahi kumwomba amwekee maua mpaka Jumamosi. Fransina alimjibu kwa upole kwamba atayafikishia ujumbe.

Lakini maua yetu yana maringo. Hufumbuka jua likikolea, saa tano hivi, na kufika saa kumi yamejifunga. Siku ya mawingu hayajisumbui kabisa. Fransina huingia saa mbili, hutoka saa kumi na moja, na msimu wa maua hatuna likizo, hata Jumapili. Kwao Draaiklip ni kilomita tisini. Tangu aajiriwe amewaelekeza maelfu ya watu, na maua ya kwao hajayaona tena yakiwa wazi.

Mama yake, Bi Drieka, ana miaka themanini na tisa. Kila mwaka hupiga simu hiyohiyo ya wageni na kungoja zamu yake. Anaongea kwa sauti kubwa, nami nikiwa meza ya pili nasikia yote.

"Mbona ya kwetu huyataji? Yetu magugu?"

"Mwakani nakuja, Mama."

"Hiyo mwakani yako mimi nitaikuta, mwanangu?"

Akishakata simu, Fransina hutazama dirishani kidogo, kisha hupokea inayofuata.

Safari hii alijipanga: astaafu mwisho wa Agosti, Septemba awe kwao. Mvua zilikuja vizuri. Kisha Julai upepo wa moto kutoka mashariki ukavuma siku nne, na maua yakachanua kabla ya wakati. Alipiga hesabu, akafunga daftari, akapokea simu iliyofuata. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: Draaiklip, mwisho wa maua tarehe 17. Hakumwomba mtu chochote. Mimi ndiye niliyempelekea Links daftari lile, naye hakubisha hata neno; alimruhusu aondoke mapema.

Ndiyo maana tunaagana saa mbili asubuhi, kwa mkate wa makaa na chai nyekundu ya majani ya rooibos, na hotuba ni marufuku. Mbingu ni safi. Gari la hifadhi liko mlangoni, na Bi Drieka ameambiwa atoe viti viwili nje.

Fransina, asante. Simu sasa ni yangu, na nitakukumbuka kila itakapolia. Chai ikikushinda, iache. Tunakutakia mchana mwema, na mingine mingi baada yake.