Bi Soma-Kwanza Anaondoka na Flashi Yake

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika maktaba yetu, fundi wetu wa kompyuta, ambaye sote tunamwita Bi Soma-Kwanza, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Mhariri wa kijarida ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nimejaribu, nimeshindwa. Nina hasira, na sababu yake mtaisikia nyote, kwa kuwa desturi yetu ni kwamba wasifu wa mstaafu husomwa kwenye sherehe na Makamu Mkurugenzi, neno kwa neno, bila kuruka, huku kila mmoja wetu akiwa na nakala yake mkononi.

Tuanze na mazuri. Bi huyu aliingia hapa kama mpiga chapa, enzi ambazo orodha ya vitabu ilikuwa kwenye vikadi ndani ya droo. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizifunika vitambaa zisipate vumbi; yeye alikwenda kuzisomea, akarudi na stashahada na ulimi mkali kuliko aliokwenda nao. Mashine zilipozeeka hata ukiiwasha moja unaweza kwenda kunywa chai na kurudi bado inajikuna, ni yeye aliyeziwekea Linux, mfumo wa bure na mwepesi wa kuendeshea kompyuta, moja baada ya nyingine, zikafufuka.

Si kwamba zilikubali kirahisi. Ile ya chumba cha magazeti ilikataa kufungua tovuti yoyote, sote tukalaani mtandao. Yeye akatazama saa kwenye kona ya skrini, akacheka peke yake. Mashine ilikuwa inaamini bado ni mwaka ilipotengenezwa! Tovuti huikagua tarehe kabla ya kufunguka, kwa hiyo aliirekebisha, akabadilisha kibetri cha saa, kidogo kama kifungo cha koti, mambo yakaisha.

Mpole hakuwa, tusidanganyane. Ukimwendea kulia kwamba kompyuta imekufa, alikuuliza skrini inasema nini. Ukijibu kwamba kuna maandishi tu, ulirudishwa mlangoni: soma kwanza! Mhasibu wetu alirudishwa hivyo akanuna wiki nzima, kumbe skrini ilikuwa inamwambia printa haina karatasi. Mimi alinifukuza na kikombe changu, akisema mashine haijaomba chai. Tulimchukia, tukasoma, na tukajifunza.

Sasa nifike kwenye kinachonichoma.

Miezi miwili iliyopita Bi Soma-Kwanza aliomba ruhusa kwenda kumuuguza dada yake hospitalini. Makamu alikuwa ametoka kwenye semina ya kompyuta, moto bado unawaka. Wageni wa makao makuu walikuwa njiani, naye akaamua kuiwekea upya Linux mashine ya dawati la kuazimisha, ili wakute kitu kipya. Alichukua flashi ya Bi yenye mfumo huo, iliyokuwa mezani kwa Bi, akaichomeka nyuma ya mashine, na kila alipoulizwa swali na skrini akabonyeza ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi! Mashine ikawaka, wageni wakasifu, Makamu akapigiwa makofi. Flashi akaisahau palepale nyuma.

Bi aliporudi aliiona flashi yake imechomekwa, akaichomoa, akaitia mfukoni. Nani asingefanya hivyo? Mashine ikaendelea na kazi hadi jioni. Kesho yake asubuhi tukaiwasha: skrini nyeusi, na sentensi moja inayosema hakuna cha kuwashia. Foleni ya waazimaji ikafika mlangoni.

Makamu hakusoma sentensi ile. Aliitisha kikao cha wafanyakazi wote, akasimama, akasema Bi Soma-Kwanza ameondoka na mfumo wa ofisi mfukoni kwa wivu. Alisema mwizi. Neno hilo hasa, kwa mwanamke aliyeshika funguo za jengo hili kwa miaka yote hiyo na hajawahi kuondoka hata na kalamu. Flashi ikachukuliwa, ikafungiwa kwenye droo ya Makamu kama kielelezo. Kufikia mchana habari zilikuwa zimetangulia wodini, na dada mgonjwa akaambiwa kitandani kwamba ndugu yake anafukuzwa kwa wizi. Jamani! Hata adui humsubiri mgonjwa apone.

Bi hakulia wala hakubembeleza. Alikwenda kwa Mkurugenzi akaomba jambo moja: flashi irudishwe kwenye mashine mbele yetu sote. Ikarudishwa, mashine ikawaka papo hapo. Ukumbi ukasema aaa! Makamu akatandaza mikono kama mtu aliyeshinda kesi, na walionong'ona wakaacha kunong'ona, wakasema kwa sauti.

Bi akasubiri kelele ziishe. Kisha akaleta kompyuta kuukuu kutoka stoo, akampa Makamu flashi nyingine yenye mfumo uleule, akamwomba afanye kama alivyofanya siku ile. Makamu akaketi, kidole kikatangulia jicho. Kuna kipande kidogo cha programu kinachoiamsha mashine asubuhi, na katikati ya kazi skrini huuliza kikae wapi: kwenye diski ya ndani au kwenye flashi. Jibu lililokuwa limetangulizwa lilikuwa flashi. Makamu akabonyeza ndiyo. Mashine ikawaka vizuri. Bi akamwomba aizime, achomoe flashi, aiwashe tena.

Skrini nyeusi. Sentensi ileile.

Basi mfumo haukuibwa na mtu. Ulikuwa ndani ya mashine muda wote, na aliyeacha ufunguo wa kuuamsha kwenye flashi ya mwenzake ni Makamu mwenyewe. Bi alihamia mashine ya dawati, akaandika mstari mmoja kukihamishia kiamshi kwenye diski ya ndani, akachomoa flashi, akaiwasha. Iliwaka, na inawaka hadi leo. Makamu akaidai flashi, akaifungia tena kwenye droo yake, akasema mashine zina tabia zake, akatoka kwenda kwenye mkutano.

Mashine zina tabia zake! Nimelala na kuamka na maneno hayo. Huombi radhi mashine, unamwomba mtu. Siku zimepita, Bi amesifiwa kwa kazi zake zote, ameandaliwa keki na maua, na neno mwizi bado linaning'inia ukumbini pale lilipoachwa. Wengine wameniambia Makamu atakwenda kumwona kwa faragha. Faragha ya nini? Ukimpaka mtu matope uwanjani, humwoshi nyuma ya nyumba.

Makamu, najua umefika hapa, kwa sababu ni sauti yako inayosikika. Kijarida hiki kililetwa mezani kwako ukipitishe. Mhariri, aliyeniruhusu kuongeza mistari hii kabla ya kuchapa leo, anasema hukukifungua. Ulisema tu ndiyo, endeleeni. Huwezi kuruka sasa, nakala ziko mikononi mwa watu na macho yao yote yanakutazama. Maneno yanayofuata ni yako. Yasome polepole, ukimtazama Bi aliyeketi mbele na dada yake:

"Mama, mashine niliiharibu mimi kwa kutosoma. Nilikuita mwizi mbele ya watu, na hukuiba kitu. Naomba unisamehe."

Asante, Makamu.

Bi Soma-Kwanza, tunakushukuru kwa mashine ulizofufua, kwa milango uliyoturudisha, na kwa kutufundisha kwamba skrini husema ukweli kwa anayeisoma. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana, na majirani wasiokuletea simu zao kutengeneza. Katika bahasha uliyopewa mlangoni imo flashi yako. Katibu wa Mkurugenzi ameitoa kwenye droo ya Makamu leo asubuhi. Itie mfukoni, Mama, mchana kweupe, kila mtu akiona. Maisha mema.